Kwikwi ya Mia

Mzee Kanejiro alishikwa na kwikwi Jumanne asubuhi, wali ukiwa bado mdomoni. Fumie, mke wa mwanawe, aliyemuuguza miaka kumi na mmoja, aliweka chini bakuli la supu akaanza kuhesabu. Katika mji ule hata mtoto wa chekechea anajua kwamba kwikwi ikifika mia, mtu anakufa.

Alimnywesha maji kwa ukingo wa mbali wa bakuli, mzee akainama mpaka akalowa shingo. Akamshtua kwa nyuma, ikawa kazi bure. Kwenye thelathini na nane alimpigia daktari simu. Daktari akasema ni msuli wa chini ya mapafu unaokurupuka tu, haujawahi kuua mtu.

"Na mia je?" Fumie akauliza.

"Hayo ya mia ni mambo yenu ya nyumbani, mama. Mimi simo."

Ikabaki dawa ya mwisho, chai ya vikonyo vikavu vya matunda ya persimoni. Mama mzazi wa Fumie humtumia vikonyo hivyo kila msimu wa mavuno. Anaishi peke yake kijijini, vituo tisa kwa treni, na macho yake yanafifia. Fumie alimwahidi kwamba siku Mzee Kanejiro akishaondoka, atakwenda kukaa naye.

Chai ikachemka. Fumie akaimimina, akaona ni ya moto mno, akaipuliza. Aliipuliza muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na roho ikamsuta. Mzee akafika mia, akafa.

Ijumaa walimchoma, wakaokota mifupa yake kwa vijiti kama ilivyo ada. Jumamosi asubuhi mzee alikuwa amekaa mezani, mahali pake pa siku zote.

"Supu imepoa leo," akasema.

Fumie akaipasha moto. Tetsuro, mumewe, aliinua macho kutoka gazetini. "Baba keshazoea mkono wako," akasema. "Tena sasa hana haja ya vidonge, umepunguziwa kazi."

Jumapili, kabla ya adhuhuri, Fumie alifungasha nguo zake katika kitambaa, akavaa viatu. Pale mlangoni akashikwa na kwikwi. Mzee akaja akaketi kando yake, akawa anamhesabia kwa sauti ya upole. Kufika themanini Fumie alikuwa ametulia kabisa. Alifikiri huenda maiti ya mwanamke haiulizwi inakwenda wapi.

Kwenye tisini mzee aliingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya vikonyo.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Nimeipuliza kidogo tu."

Fumie aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akanywa. Kwikwi ikakatika kwenye tisini na sita.

"Afadhali," mzee akasema. "Saa sita hiyo inafika."

Fumie akavua viatu, akaenda kuosha mchele. Kijijini, mama yake alikuwa akipapasa persimoni moja moja, akimwekea bintiye vikonyo.