Daraja la Kampeni

Cicily alikuwa akishona sketi ya shule kwenye kibaraza cha duka lake pale Karurumo aliposikia redioni kwamba mbunge amefariki. Alisimamisha cherehani. Alimsikitikia marehemu, maana alikuwa mtu wa watu, kisha akawaza daraja.

Daraja hilo huja na kampeni. Asubuhi moja watu wa ng'ambo huamka wakalikuta limekaa juu ya mto, la saruji, vyuma vyake vya pembeni vimepakwa rangi za Chama. Hukaa hapo mpaka msimamizi wa kituo cha kura cha Karurumo atangaze matokeo, kisha huondoka. Watu wamezoea. Mbuzi wa mahari huvushwa msimu wa kampeni, mabati na vitanda vivyo hivyo, na mtu akianza kujenga ng'ambo mwaka usio na uchaguzi, majirani humwuliza kama yuko sawa. Miezi mingine wanavuka kwa kurukia mawe. Mvua ikinyesha hawavuki.

Kasoro ni moja tu. Bila mpinzani hakuna kampeni, na huku kwetu Chama hakina mpinzani. Ukishapata tiketi wewe ni mbunge, kilichobaki ni kupimwa suti. Safari hii tiketi ilimwendea Adrian, mzee wa kanisa, kijana mwenye adabu zake, na hakuna aliyeona haja ya kujisumbua. Angepita bila kupingwa.

Lakini ng'ambo alikuwako Wanja, mke wa Ngari, na Ngari ni mwana wa Cicily. Wanja alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alifia kando ya mto, wakingoja maji yapungue. Sasa alikuwa na presha, na daktari wa upande wa Karurumo alitaka kumwona kila wiki, Novemba nzima, mvua zote. Basi Cicily akafunga duka, akazunguka kutafuta sahihi za wapiga kura, akawa mgombea huru. Alama yake ilikuwa cherehani. Kesho yake daraja likaja.

Wazee wa Chama walimtembelea. Walikunywa chai yake wakaisifu.

"Mama Ngari, unatugawanya," mmoja alisema. "Jiondoe tukae kwa amani."

"Wanja akijifungua, nitajiondoa siku hiyo hiyo."

"Na ukishinda? Hilo daraja ni la kampeni. Utalishika na nini?"

"Nikishinda nitajenga la kukaa."

Walicheka kidogo tu, kwa heshima ya chai.

Mpango ulikuwa Wanja avuke siku ya uchaguzi, apige kura, kisha abaki kwa mama mkwe. Angekuja mapema, lakini ng'ombe alikuwa karibu kuzaa na Wanja hakumwamini Ngari na ng'ombe. Siku yenyewe ilipofika uchungu ulimshika kabla ya wakati, na presha ikapanda hata akashindwa kusimama. Mvua ilikuwa imeiharibu njia ya ng'ambo, pikipiki zote zilikwama kwenye matope. Wanaume wakamlaza kitandani wakakiinua kitanda.

Kura zilipigwa vizuri. Watu wa ng'ambo walipita juu ya daraja wakampigia Adrian, wakarudi juu ya daraja. Walimpenda Cicily, na wengi walimwambia hivyo walipotoka chumba cha kura. Ila kura ni kura, nani ataitupa? Cicily hakuwalaumu. Lakini iliuma, tena iliuma sana.

Madam Karwirwa, mwalimu kutoka Githongo aliyesimamia kituo, aliinua karatasi moja baada ya nyingine. Adrian, Adrian, Adrian. Zilipokwisha alishika kalamu. Simu ya Cicily ikalia. Ilikuwa Ngari, akihema: bado walikuwa shambani kwa jirani yao Riungu, mbali na mto.

"Naomba zihesabiwe tena," Cicily alisema. "Ni haki ya mgombea."

"Mama, asiyekubali kushindwa si mshindani," kijana mmoja wa Chama alimtania.

"Nimekubali. Hesabuni tu."

Zikahesabiwa tena. Kitanda kilikuwa hakijafika. Cicily akaomba tena, na Madam Karwirwa akamweleza kwa upole kwamba hiyo ingekuwa ya mwisho. Kila mtu chumbani alijua kinachongojwa. Makarani walizitazama zile karatasi pande zote mbili, polepole, hata zilizokuwa wazi kabisa. Zilipokwisha, kitanda kilikuwa kwenye mteremko wa ng'ambo.

Hapo Adrian akasimama. "Kabla ya tangazo," alisema, "tuombe."

Aliomba yeye mwenyewe, na aliomba vizuri. Aliombea taifa, kaunti, bei ya kahawa, wajane, barabara na madaraja. Hakuna aliyekohoa. Simu ilipolia na Cicily akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, Wanja amevuka, Adrian akasema amina. Matokeo yakatangazwa.

Jambo ambalo hakuna aliyejua chumbani mle ni kwamba Ngari alikuwa amerudi mbio nyumbani, ng'ambo. Walikuwa wamesahau shuka za mtoto.

Asubuhi Cicily alitoka hospitali akateremka mpaka mtoni. Daraja halikuwako, na maji yalikuwa mengi, mekundu. Ngari alikuwa amesimama upande wa pili, shuka amezifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kwa desturi yetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na bibi huhesabiwa kuwa ndiye huyo mtoto. Cicily akaweka mikono mdomoni.

"Nimezaliwa!" aliita.

Ngari akakaa juu ya jiwe, akajifuta macho kwa shuka mojawapo. Juu barabarani gari la Chama lilipita na vipaza sauti, likiwashukuru wananchi kwa uchaguzi wa amani, nao wakangoja lipite ndipo wasikilizane.

"Mama," Ngari aliita, "utakuja nyumbani na Wanja lini?"

"Maji yakipungua," Cicily alijibu. "Ama akipatikana mtu mwingine wa kushindwa."