Mzee Lawama Hunyamaza Lini?

Mtaa mzima ulimwita fundi cherehani huyu Mzee Lawama, naye hakukataa. Umeme ukikatika, wakubwa. Uzi ukikatika, wakubwa. Tangu mkewe afie hospitali ambayo jenereta lake halikuwa na tone la mafuta, hakuona sababu ya kutafuta mchawi mwingine.

Sasa walikuwa wanamharibia na binti. Chuoni kompyuta ilifundishwa kwa lugha ya kigeni, utadhani mashine haina masikio ya kusikia nyingine, na binti akatoka kapa. Mtihani wa marudio ulikuwa kesho. Akianguka tena, anafunga virago.

Binti alikuwa ameketi kibandani kwa baba yake, kwenye meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na chaki, akisoma na mwalimu wa kwenye simu, ile akili mnemba inayoongea Kiswahili.

"Kitanzi ni kazi inayojirudia mpaka jambo fulani litokee," simu ilieleza. "Bila jambo hilo, haikomi."

"Nikisikia naelewa," binti akasema, machozi yakimlengalenga. "Nikiandika, programu inaganda."

Papo hapo umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono.

"Haya! Wakubwa hao!" fundi akafoka. "Jana wao, leo wao! Kwao viyoyozi vinanguruma, sisi tushone kwa kupapasa!"

Binti hakuwa amezima kipaza sauti. Simu ikapokea yote kama jibu la mwanafunzi.

"Vizuri sana," ikasema kwa upole. "Hicho ni kitanzi: tatizo likija, taja wakubwa. Ila umesahau kitu kimoja. Kinakoma lini?"

Binti akaangua kicheko mpaka chaki zikaanguka.

"Nani kaniuliza mimi? Mwambie mwalimu wako ashike adabu!"

"Baba, mjibu bwana! Unakomaga lini?"

Fundi akafungua mdomo. Lawama haikuja. Akaokota chaki moja, akaifuta vumbi taratibu.

"Mama yako alikuwa ananicheka," akasema. "Akicheka tu, naishiwa maneno. Kama wewe hapo ulivyocheka."

Binti akamtazama, kisha akainamia simu. Akaandika: endelea kusema "Wakubwa!" mpaka uandikiwe "kicheko". Akajaribu. Programu haikuganda.

Kesho yake, chuoni, binti aliionyesha programu hiyo kwenye mtihani, na msimamizi akaijaribu kwa kuandika "mvua imeninyeshea". Wakubwa! Akaandika "kuku wangu katoroka". Wakubwa! Akashika mbavu.

"Sasa andika hicho unachofanya," binti akamwambia. Akaandika "kicheko", na kitanzi kikakoma.

Jioni binti aliingia kibandani mbio. "Baba, nimepita!"

Fundi akaweka pasi chini, uso umemkunjuka. "Si unaona? Hawa wakubwa wangekufundisha hivi tangu mwanzo, wangepungukiwa nini? Watu wazima, wana magari, wana..."

Binti akacheka.

Akanyamaza.