Mzinga Usio na Alama

Friji ya chanjo ya zahanati ya Itigi ilizimika Jumanne asubuhi, mwaka 1998, nesi Eliana akiwa anapanga sindano. Umeme ulikuwepo. Kilichokufa ni chipu, kidude cha ukubwa wa ukucha kinachoiamuru friji ipoe au ipumzike. Surua ilikuwa imeshafika Mkiwa, kijiji jirani. Eliana akahamishia chanjo kwenye kasha la barafu, ambalo hudumu siku tatu.

Akampigia simu wakala wa Dar es Salaam aliyekuwa akiziuzia zahanati friji hizo tangu biashara ilipoachiwa huru. Wakala akasema chipu zimekwisha, na mtu mwingine haruhusiwi kuzitengeneza, maana mchoro una mwenyewe, huko Ulaya. Soko huria, wanasema. Huria kwa nani, sisi hatukuambiwa.

Alhamisi akaja Mughwai, mrina asali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista. Nyuki wangu safari hii hawakutengeneza asali. Wametengeneza hiki."

Ilikuwa chipu ya nta, njia zake zote zikionekana kwa macho. Eliana akaipachika, friji ikanguruma, akarudi kwenye sindano zake.

Huku kwetu kila mzinga huchongwa alama ya ukoo, na mwenye alama ndiye anayerina. Mzinga ule wa chipu Mughwai hakuuchonga alama, ili kila zahanati ijichukulie. Selina, nesi wa Mkiwa, alibandika chipu moja mdomoni mwa mzinga wa kwao, nao ukaachwa bila alama. Nyuki wa Mkiwa wakaisoma siku mbili, wakaongeza njia ya kuhimili umeme unaoyumba, na wa Itigi nao wakaiga. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Baada ya miezi mitatu wakala akaja na gari na chuma cha moto. Akauliza mzinga ule ni wa nani. Mughwai, kwa ukweli wake unaoudhi, akajibu si wa mtu. Wakala akaupiga chapa ya kampuni, kisha akaenda Mkiwa akafanya vivyo hivyo.

Inakera, jamani. Hakuja na askari wala karatasi ya mahakama. Lakini huku ukirina mzinga wenye alama ya mwenzako wewe ni mwizi, na wanao hawapati wachumba.

Novemba joto likayeyusha chipu ya Itigi. Eliana akamfuata Mughwai mzingani. Chipu zilikuwa zimejaa mpaka zinadondoka chini.

"Mzee, okota moja tu. Surua imerudi."

"Alama si yangu, sista."

"Mzinga si ulichonga wewe?"

"Mzinga nilichonga. Alama sikuchonga, na ujinga huo ni wangu."

Eliana aliinama, akanyoosha mkono, akaurudisha. Naye ni mzaliwa wa huku.

Zahanatini akina mama walikuwa wamejaa kwenye benchi. Akawaambia waende nyumbani, wakala ameshaandikiwa barua. Njia yao inapita chini ya mzinga. Walipofika pale wakawavuta watoto pembeni, wasije wakakanyaga chipu za watu.