Nirudishie Kelele Zangu

Haya nilisimuliwa na yule binti mshonaji, jioni ile watu wa msiba walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima kurudishwa kwa wenyewe. Tulikuwa tumemzika mume wangu. Binti alibaki, akaniosha vyombo, kisha akavuta kigoda karibu na miguu yangu.

"Mama," akasema, "kuna jambo fundi hakukuambia. Namjua, asingekuambia."

Nusu ya habari nilikuwa nayo mwenyewe miaka mingi, ila sikujua kuwa ni nusu.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilipakana ukuta na nyumba yetu, kwa hiyo mimi nikianua nguo niliyasikia yote ya upande wa pili. Walikuwa na mchezo wao pale. Gari likiingia, yeye yuko chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo inaonekana, atasikiliza mlio kisha amtaje mwenyewe kabla hajashuka. "Huyo mstaafu, anaendesha kama amebeba mayai." Kweli, anashuka mzee na kofia yake. "Hilo la mwalimu. Atauliza maswali mpaka boliti zilegee zenyewe." Likiingia kubwa la vioo vyeusi, husema, "Humo mna mtu mwoga." Wenzake wanashika mbavu. Na mara nyingi alipatia, hilo ndilo lililomponza. Mtu akizoea kupatia husahau kwamba kuna kukosea.

Gari la yule binti halikuhitaji hata kubashiriwa. Jekundu, limelala chini kama mjusi anayeota jua, na bomba lake la moshi lina mngurumo wa kutikisa vikombe kabatini. Halafu anayeshuka ni mwanamke, mshonaji wa sare za shule, utepe wa kupimia ungali shingoni. Mtaa ulikwisha hukumu. "Gari kama lile mwanamke hanunui, hununuliwa." Wengine walimjua hata huyo bwana mnunuzi, ingawa kila mmoja alikuwa na wa kwake. Kila jioni jua likishuka lazima apite, ngurumo mtaa mzima, na sisi wanawake tulio vibarazani tunatazamana.

Siku moja alilipeleka gereji, breki zinalia. Mume wangu akasema kutoka chini alikokuwa, wala hakupunguza sauti, "Haya, limefika la kuhongwa."

Binti alisikia. Akajibu tu, "Breki, fundi. Nitalifuata nikitoka kazini."

Breki alizitengeneza vizuri. Kisha, bila kutumwa na mtu, akalikata lile bomba, akafunga jipya lenye sailensa. Wakati wa chakula alinieleza huku akitabasamu, "Nimemsitiri mtoto wa watu. Sasa atapita kama wengine. Bwana wake akitaka kelele, apige tarumbeta." Tukacheka wote wawili.

Sasa sikiliza upande wa binti.

Gari lilikuwa la kaka yake. Homa ilimchukua kijana, gari likabaki uani limefunikwa turubai. Na mama yao alikuwa ameanza kusahau. Akili yake ilivuja kama mtungi wenye ufa: unajaza asubuhi, jioni hamna kitu. Kila jioni aliuliza mwanawe yuko wapi. Kila alipoambiwa, alifiwa upya. Kilio kile hakukizoea, kwa sababu kwake kilikuwa cha kwanza siku zote.

Hadi jioni moja binti aliliwasha gari alisogeze tu, ukuta upate kupakwa chokaa. Mama akasikia mngurumo kutoka ndani. "Ah, kafika," akasema, akajilaza, akalala. Tangu hapo binti akajifunza kuendesha. Akitoka kazini anazunguka mtaa, anaingia uani kwa kishindo, mama analala. Basi. Bwana mwenyewe ndiye huyo.

Jioni ile ya sailensa aliingia uani kimya kama paka. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kakielekeza mlangoni.

"Kaka yako bado?"

"Kaja, mama. Kesha lala."

"Usinidanganye. Ningelisikia gari lake." Mama akamtazama sana. "Amekufa, sivyo?"

Binti aliniambia alikuwa amechoka, hakuwa na uongo mwingine. Mama alilia ameshika mwimo wa mlango, kama siku ile hasa kijana alipofariki. Asubuhi alikuwa amesahau yote, anauliza kama mwanawe amekunywa chai.

Kilichofuata nilikisikia mwenyewe ukutani. "Fundi, nirudishie kelele zangu!" Gereji nzima ikaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Dada, kumbe bwana kakasirika?" Halafu kicheko kikakatika ghafla. Nikadhani mume wangu amemtolea maneno.

Kumbe binti alikuwa amesema kwa sauti ya chini, "Mama yangu halali bila hizo kelele. Ni za marehemu kaka yangu."

Mume wangu akatoka chini ya gari, mwili mzima, akasimama mbele yake. Bomba la zamani lilikuwa limekwisha ondoka na mnunuzi wa vyuma chakavu. Akaokoteza vipande, akachomelea, akatoboa, akamwambia binti akanyage mafuta. "Hivi?"

"Hapana. Lake lilikohoa kwanza, ndipo likanguruma."

Akafungua tena. Akatoboa tena. Wakakaa hivyo mpaka jua likaegemea.

"Lile sitalipata, mwanangu," akasema mwishowe. "Nimelikaribia tu." Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Nitakwenda kukaa na mama yako. Wewe zunguka mtaa, kisha uje."

Binti aliegesha, akapitia mlango wa nyuma, akasimama nyuma ya pazia. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kiti cha yule mama, magoti ameyakumbatia.

"Si kawaida yake," mama alikuwa akisema. "Leo kaja polepole. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

"Nimemwambia siku nyingi apunguze mwendo." Akatabasamu, akalaza kichwa kitini. "Amekua sasa." Akalala palepale. Mume wangu hakuinuka, akakaa akisikiliza pumzi zake.

Tangu siku ile sikusikia tena mchezo wa kubashiri. Niliposikia kimya ukutani nilidhani ni uzee.

Jioni ile naikumbuka. Aliingia, chakula kimepoa. Nikamuuliza, "Wapi ulikochelewa hivyo?"

"Kuna gari limenisumbua."

"La nani?"

Akanitazama. Mtu ambaye hakuwahi kukosa kujua gari ni la nani.

"Sijui," akasema.

Akajilaza bila kunawa, viganja vyeusi kwa oili juu ya foronya niliyoifua siku hiyohiyo. Nikafungua kinywa nimgombeze, nikamkuta amekwisha lala.