Mlima wa Netiwaki

Kulipokucha niliona pua ya ndama na mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika ndani ya mamake. Ng'ombe wangu Rosi alisukuma, akapumzika, akasukuma tena, na hakuna kilichosogea. Ulimi wa ndama ulikuwa nje, ukitikisika. Alikuwa hai.

Shemeji yangu Kipngeno alikimbia mlimani kumpigia simu daktari wa mifugo, Mathenge, aliye Molo. Kwetu huku Kuresoi, ukiwa nyumbani simu haishiki. Anayetaka kuongea na mtu hupanda hadi penye jiwe kubwa, na hapo hukuta wenzake wamepeana migongo, kila mmoja akipiga kelele kwa jamaa zake. Kipngeno alirudi akitabasamu.

"Shemeji, tulia. Daktari nimemtumia lokesheni."

"Umemwambia akate kona pale kanisani, halafu avuke daraja la mbao?"

"Ya nini yote hayo? Simu itamleta mpaka hapa mlangoni. Hata hahitaji data, ameshaweka ramani ndani."

Mambo hayo siyajui, nikamwamini. Nilipiga magoti kwenye samadi, nikaweka mkono kwenye mbavu za Rosi, nikamwomba Mungu amharakishe yule daktari. Niliomba pia daraja lisiwe na utelezi. Niliomba kila kitu nilichoweza kukifikiria.

Jua likapanda. Ulimi wa ndama ulivimba ukawa mnene kama ini, na nzi wakaja. Niliwafukuza kwa leso. Walirudi, wakatua puani mwake, na yeye hakupepesa. Kipngeno alikuwa ameegemea mlango wa boma, akichokoa meno kwa kijiti.

"Wewe," nikamwambia, "hiyo lokesheni uliituma ukiwa wapi?"

"Mlimani. Kwani netiwaki iko wapi kwingine?"

Kijiti kikabaki mdomoni. Tuliuangalia mlima sisi wawili, kisha nikakimbia.

Kule juu pananuka. Watu hungoja simu zao hapo siku nzima, wakishikwa na haja huenda nyuma ya jiwe. Kuna kadi za kukwaruza, chupa, na nepi zilizokaukia kwenye nyasi. Katikati ya uchafu huo lilikuwa limeegeshwa gari jeupe, vioo vimefungwa. Ndani, Daktari Mathenge alikuwa anakula yai la kuchemsha. Kiini kilikuwa kimemshika masharubu.

Niligonga kioo.

"Daktari! Ng'ombe yuko kule chini!"

Alishusha kioo kidogo, kama mtu anayeogopa baridi. "Mathe, mimi nilifika zamani. Ona." Alinionyesha simu. Kulikuwa na alama nyekundu na doti ya bluu juu yake, zimelaliana. "Nilijua mnaniletea ng'ombe hapa. Nikapiga ile namba, haipatikani."

"Haipatikani kwa sababu huko nyumbani hakuna netiwaki! Hawa watu wote hapa wanajua kwangu. Si ungeuliza?"

"Niulize?" Akacheka. "Nyinyi wa huku mkiulizwa mnasema 'ni hapo tu mbele', mtu anaendesha mpaka Olenguruone. Ramani haidanganyi."

Shiko, anayeuza mayai pale penye jiwe, aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo yake. "Mama Jerop, nilimuuliza anatafuta nani. Akaniambia nimpe chumvi."

Nilizunguka nikafungua mlango wa abiria. Daktari alitazama gauni langu, damu na samadi, akachomoa gazeti nyuma ya kiti.

"Kalia hili, mathe. Kiti ni safi."

Nilikalia gazeti. Nilimwelekeza njia nikiangalia maganda ya mayai yaliyokuwa yakicheza kwenye sakafu ya gari kila tulipopita shimo. Kanisani nilisema, "Kata hapa." Simu yake ilimwambia arudi alikotoka. Alisita, akaitazama simu. Nilimpigia kelele kama ninavyompigia mbwa.

Kazi yake anaijua, hilo siwezi kukataa. Alivaa glovu hadi begani, akamrudisha ndama nyuma kidogo, akaunyoosha mguu, akavuta pamoja na Kipngeno. Ndama akatoka na maji machafu yenye harufu iliyonifanya nigeuze uso. Alikuwa jike. Alikuwa bado na joto.

"Huyu amekufa si kitambo," daktari alisema, akivua glovu. "Lakini mama atapona. Tushukuru."

Rosi alijiinua kwa shida, akageuka, akaanza kumlamba. Alimlamba masikio, akamsukuma kwa pua ili asimame, akamlamba tena. Kipngeno alikwenda kuchimba shimo bila kuambiwa. Daktari alikuwa anatembea bomani huku na huku, simu mkononi.

"Nimeweka alama hapa hapa," akasema. "Siku nyingine sitapotea."

Kiwele cha Rosi kilikuwa kimejaa kikawa kigumu, ikabidi nimkamue. Dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, lilitoka la njano, zito, likajaza kibuyu nusu. Daktari alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mathe, hiyo usimwage. Nijazie kwa chupa kidogo. Mke wangu huipika, inakuwa tamu sana."

Nilimtazama. Kiini cha yai kilikuwa bado kwenye masharubu.

"Maziwa haya yana mwenyewe," nikasema.

Nilipeleka kibuyu nyuma ya boma, ambapo Kipngeno alikuwa ameshamlaza ndama shimoni. Nilimmiminia yote, polepole, karibu na mdomo. Kipngeno hakuniangalia usoni. Nilifumba macho niombe, lakini nilichokiona ni yai lile, na maneno hayakuja. Nikasema amina hivyo hivyo, nikachukua jembe.