Matanga ya Ubaldina

Kila jioni, saa mbili ikikaribia, Nuris alikaa kando ya mashine ya kupumulia ya baba yake, Mzee Eudaldo, akisubiri umeme ukatike. Na ulikatika kweli. Watu wa mtaa wao, hapo Barranquilla, mji wa joto kali, walikuwa wakirudi kutoka kazini wanafunga milango na madirisha, kisha wanawasha viyoyozi kwa mkupuo, hata kwenye vyumba visivyo na mtu, ati vipoe mapema. Kuta zilikuwa zimechomwa na jua mchana kutwa. Transfoma ya kwenye nguzo ingehimili nini? Ilitoa mlio mmoja, giza likaingia. Hapo Nuris alimhamishia Mzee Eudaldo mpira wa hewa kwenye mtungi wa akiba, huku akimlaani Wilfrido, jirani yao wa ukuta mmoja, aliyekuwa akizidisha baridi mpaka analala na blanketi. Blanketi, Barranquilla! Mtu mzima na akili zake.

"Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua," kaka yake, Rodolfo, alimwambia kwa simu kutoka Medellín. "Siku mtungi ukiisha utafanyaje?"

Nuris akautupia mtungi jicho. Mzee alisikia, akageukia ukutani. Mtaani mle ndimo alimozaliwa. Kumpeleka Medellín, kwenye ghorofa la watu asiowajua, ilikuwa kumzika angali hai, na jambo hilo lilimuuma Nuris kuliko alivyoweza kusema.

Siku chache baadaye Ubaldina wa nyumba ya kona akafariki. Ikawa matanga ya usiku tisa, kama ilivyo ada: rozari kwanza, halafu kahawa, domino na umbea barabarani mpaka saa nne. Mzee Eudaldo alisogezewa kiti mlangoni, mashine ikinguruma nyuma yake.

"Baba, umeme haujakatika tangu tumzike," Nuris alisema usiku mmoja.

"Ubaldina kashawafokea watu wa umeme huko aliko. Mdomo wake unaujua."

Nuris alicheka, kisha akatazama mtaa. Nyumba zote zilikuwa wazi, upepo wa mtoni unapita ndani, viyoyozi kimya. Watu walirudi kulala mmoja mmoja, kuta zikiwa zimeshapoa.

Usiku wa tisa, madhabahu ndogo ya marehemu ilipoondolewa, watu wakaanza kubeba viti. Nuris akasimama.

"Jamani, matanga tuanue. Viti naomba tusianue." Akawaeleza yote: wakikaa nje mpaka kuta zipoe, viyoyozi haviwashwi kwa pamoja na umeme haukatiki.

"Jirani, unataka tuliwe na mbu kila siku?" Wilfrido akadakia. "Baridi yangu naigharamia mwenyewe!"

"Igharamie, ila uiwashe saa nne, nyumba ikishapigwa upepo. Na chumba kimoja. Au unalala vitanda vinne?"

"Hicho kimoja chenyewe anatukoromea!" mkewe akasema, watu wakaangua kicheko.

"Na asiyetaka je?" Wilfrido akauliza.

Mzee Eudaldo akavuta pumzi. "Asiyetaka aje aniage. Mwanangu anakuja kunichukua."

Watu wakachukua viti vyao, wakaenda zao.

Kesho yake saa mbili barabara ilikuwa tupu. Nuris alisikia kiyoyozi cha Wilfrido kikianza kuvuma, akausogelea mtungi. Mara mvumo ukakatika. Taa zilikuwa bado zinawaka. Wilfrido huyo, kajitwika meza ya domino, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine.

"Tokeni! Mnataka mzee wa watu aondoke kwa ajili yangu peke yangu? Tokeni nyote!"

Wakatoka, wengine wakinung'unika, mmoja na sahani yake ya wali mkononi. Jioni iliyofuata wakatoka tena, na iliyofuata.

Mwisho wa mwezi Rodolfo aliteremka kwenye gari, akawapita watu na viti vyao, akasimama mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba. Begi lako liko wapi?"

Mzee Eudaldo hakuinua macho kwenye domino zake.

"Kaa chini," akasema. "Unatuzibia upepo."