Kayabu Ndani ya Tanuru

Jamani, mtakachosoma hapa hamtaamini. Hata mimi ningesimuliwa ningesema huyu dada ameshaanza. Lakini mkono wangu wa kulia una malengelenge mpaka sasa hivi, naandika kwa dole gumba la kushoto, kwa hiyo mnivumilie.

Kwetu ni Kibondo, pembeni ya mji, ukiwa unaelekea Kakonko. Naishi na bibi yangu Esteri na mwanawe, baba mdogo Fidele. Mama yuko Kasulu, anauza mawese sokoni. Bibi ana paka, anaitwa Kayabu. Jina lenyewe halina ujanja wowote. Kwa Kirundi paka ni akayabu, na bibi alitoka Burundi akiwa msichana, hakuona sababu ya kuhangaika kutafuta lingine.

Kayabu akapata mimba. Yaani tumbo linakaribia kuburuza chini! Bibi akawa anamtunza kama mkwe wake. Dagaa zinachemshwa bila chumvi, maziwa anawekewa kwenye kisosi. Mimi nikatafuta boksi la sabuni, nikatandika kipande cha kitenge, nikaliweka jikoni nyuma ya kuni, pakavu, pana giza. Akajifungulia humo. Wanne, macho yamefumba, wadogo kama viazi vya mwisho wa fungu. Nikarekodi video wanalia, sauti nyembamba hizo, moyo unayeyuka.

Hapo sasa ndipo tulipoharibu.

Kwetu mwanamke akijifungua watu wanaenda kumhemba, yaani wanampelekea chakula, wanakaa, wanampakata mtoto. Mimi nikaweka status kwa utani: "Kayabu kajifungua, njooni mumhembe." Si wakaja kweli! Huyu na maziwa, yule na uji, watoto wa jirani na panzi kwenye kikopo. Vile vitoto vikawa vinapita mkono kwa mkono. Nkunzimana, fundi anayemsaidia baba mdogo kazi ya matofali, akamnyanyua mmoja juu.

"Huyu kafanana na Fidele! Oneni masharubu!"

"Mwache mtoto wa watu," bibi akamjibu, "asije akaamka akakuona wewe wa kwanza."

Tukacheka mpaka bibi akakaa chini. Kayabu tu ndiye hakufurahi. Alikuwa juu ya kuni, masikio yamelala, anafuata kila mkono kwa macho.

Kesho yake asubuhi boksi tupu.

"Kawahamisha," bibi akasema. "Tumemchosha na wageni wetu. Mwacheni, atawarudisha."

Sasa nyuma ya nyumba kuna tanuru. Niwaeleze, maana kila kitu kimetokea hapo. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi, na ukuta wa upande anaolala bibi umepasuka, umeinama, tumeuegemezea gogo. Baba mdogo kafyatua matofali kiangazi chote ili aujenge upya kabla ya mvua. Yeye na Nkunzimana wakayapanga tanuru, refu kunizidi mimi, chini wakaacha matundu matatu ya kuni, nje wakakandika udongo. Kuni zilishaingizwa, ilibaki kuwasha. Na mawingu yalikuwa yameanza kukaa vibaya.

Mchana ule wakawasha tundu la kwanza. Mimi niko pembeni narekodi, si mnanijua. Moshi ukaanza kupanda. Ghafla kwenye kioo cha simu namwona Kayabu anachomoka tundu la tatu, mwili mzima vumbi jekundu, akapotelea nyuma ya jiko. Sijakaa sawa, karudi mbio, kaingia tena tundu lile lile.



"Baba mdogo! Wamo ndani! Watoto wa Kayabu wamo kwenye tanuru!"

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona anaingia!"

"Anatafuta panya, Claudine. Toka hapo, moshi utakuumiza."

Nikalala kifudifudi kwenye tundu la tatu, nikawasha tochi ya simu. Magogo tu. Nikakumbuka ile video. Nikaicheza, sauti juu mpaka mwisho, nikaisogeza simu ndani. Vile vilio vya juzi vikalia mle kwenye giza.

Kayabu akajibu. Jamani, sijawahi kusikia paka analia vile, mlio mrefu, mzito, kama mtu anayeumwa. Na chini yake, vyembamba kabisa, vilio vingine ambavyo havikutoka kwenye simu.

Nkunzimana akaacha utani hapohapo. "Fidele, wamo. Shika magogo!"

Kwa wasiojua, matofali ya tanuru yanaachiwa nafasi ili moto upite. Kwa hiyo moto ulikuwa tundu la kwanza, lakini joto lilishaanza kuja la tatu, na moshi nao. Tukavuta magogo, tunakohoa, machozi yanatoka. Mimi ndiye mwenye mkono mwembamba, nikaingia mpaka bega. Nikagusa kitu laini. Nikatoa wa kwanza. Kayabu akanikwaruza, sikujali. Wa pili. Wa tatu alikuwa hachezi, bibi akampulizia puani, akamsugua na kitenge, kitoto kikapiga chafya. Kayabu akatoka mwenyewe, akatupita, akakimbilia tena nyuma ya jiko. Nikasema moshi umemshinda.

Wa nne hayupo.

Nikaingiza mkono tena, nikapapasa huku na huku, nikashika tofali lililoshapata moto. Ndiyo haya malengelenge.

"Watatu wametoka, tumshukuru Mungu," baba mdogo akasema. Alikuwa anaangalia juu. Tone la kwanza lilishanipiga shingoni. "Claudine, nisikilize. Moto ukishashika vizuri, mvua haiufanyi kitu. Tukiuzima sasa, matofali bado mabichi, yote yanakuwa tope. Na bibi yako atalala wapi?"

"Na huyu wa nne?"

Aliendelea kuangalia mawingu. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni kwangu. Moto kwenye tundu la kwanza ulianza kuvuma. 

"Bibi, sema kitu!"

Bibi kasimama mlangoni, watatu wamo kwenye kitenge kifuani. Akaangalia ule ukuta wake. Akaniangalia.

"Mwana wanje, mwanangu, masikio yangu yameshachoka. Wewe ndiye unayesikia. Unamsikia?"

Nikasogeza sikio kwenye tundu la tatu, nikasikiliza. Na naapa nilisikia. Kitu chembamba, mbali, iiii, halafu kimya. Najua kuni mbichi nazo zinalia zikiungua. Nalijua hilo tangu nizaliwe. Lakini nilisikia.

Nikaibeba ndoo, nikamwaga yote kwenye moto.

Baba mdogo alishika kichwa kwa mikono miwili, hakupiga kelele hata kidogo. Ningefurahi angepiga kelele. Nkunzimana akachukua jembe, akabomoa tundu la tatu tofali moja moja mpaka mwisho wake. Tukatazama mpaka kwenye majivu.

Hakukuwa na paka humo.

Halafu mvua ikashuka, ile ya kwanza ya msimu, yenye hasira. Turubai letu moja lilifunika juu, pembeni maji yakala. Upande tuliobomoa ukaanza kuteremka polepole, matofali yanashikana, yanakuwa udongo tena. Baba mdogo akaenda nyuma ya jiko kuchukua koti lake, alilivua asubuhi akaliweka juu ya banda la kuku. Akakawia. Nikamfuata.

Kayabu kalala kwenye lile koti, analamba. Ndani ya mkono wa koti kinachungulia kichwa. Wa nne. Mkavu kabisa! Ile mara ya kwanza niliyomwona Kayabu anachomoka tanurini, alikuwa ameshambeba huyu mdomoni, mimi nimeona vumbi tu.

"Koti langu," baba mdogo akasema. Basi. Akaondoka, koti akaliacha palepale.

Siku zote hizi hajanisemesha. Anaenda shamba na mvua, kajifunika gunia, na koti hajalidai. Mama kapiga simu toka Kasulu, kasema nimefanya ujinga, halafu akaniomba nimtumie picha ya watoto. Siku hizi haingii mgeni jikoni. Bibi anakaa mlangoni na fimbo.

Lakini bibi mwenyewe amegoma kuhama chumba. Anasema kitanda chake kiko hapo. Tumeongeza gogo la pili. Leo tena inanyesha, niko kitandani kwangu naandika, na kila ukuta ukitoa udongo kidogo, ile sauti ya kumwagika, chwaaa, nashika simu, nawasha tochi, nakimbia kwake. Namkuta amelala, Kayabu miguuni, vitoto vyote vinne vinanyonya.

Sasa niambieni ukweli, msinionee aibu. Ungekuwa wewe umeshika ile ndoo, unasikia kitu ambacho huna hakika umekisikia, na bibi yako amesimama mlangoni, ungefanyaje?